Twiga asiyevunjika shingo: wanyama wa mbao wa kupaka rangi darasani

Twiga wa mbao akivunjika shingo darasani, lawama humwangukia mwanafunzi aliyemshika vibaya. Mara nyingi mwanafunzi hana kosa. Shingo ile iliponzwa siku kielelezo kilipochorwa juu ya ubao bila kutazama nyuzi za mbao zimelala upande gani. Mbao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Shingo nyembamba iliyokatwa kukingama nyuzi inashikiliwa na gundi ya asili tu iliyo kati ya uzi na uzi, na hiyo haiwezi kustahimili hata mkono wa mtoto wa darasa la tano. Mkonga wa tembo, mkia wa ngiri na miguu ya swala huvunjika kwa sababu hiyohiyo.

Walimu wengi wa sanaa hapa Bagamoyo, tukizungumzia wanyama hawa, tunaanza na rangi. Rangi ndiyo inayovutia macho, nakubali. Ila mnyama anayesimama imara na kudumu miaka huamuliwa na mbao, kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Ninachoeleza hapa ni mnyama wa vipande vilivyounganishwa kwa gundi, si wa kuchongwa kutoka gogo moja. Kuchonga gogo kwa tezo na patasi ni kazi nzuri mno, lakini haiendani na darasa la wanafunzi 40, vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 na misumeno mitano. Mpingo nao uachiwe wachongaji. Ni mgumu, ni ghali, na uzuri wake uko kwenye mti wenyewe ukishang'arishwa. Kuupaka rangi ni kuuzika. Rangi ni ya mbao rahisi.

Mbao ya kununua

Chukua msonobari, zile mbao laini zinazoshuka kutoka Mafinga na Mufindi. Unakatika kwa msumeno wa mkono, unakubali tupa, unashika gundi vizuri. Omba ubao wa inchi 1 kwa 8, urefu wa futi 12, uliopigwa randa pande zote. Baada ya randa unene utabaki kama milimita 20 hadi 22, na huo unatosha.

Ukifika kwa muuza mbao, kwanza uliza kama ubao umetiwa dawa. Mbao nyingi za kupaulia zimelowekwa dawa ya kuzuia mchwa, na unazitambua kwa ukijani fulani juu ya uso na kwenye ncha zilizokatwa. Dawa hiyo ya kijani kwa kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki. Nyumba inaihitaji, darasa haliitaki kabisa: wanafunzi watavuta vumbi lake wakipiga msasa, na mabaki yataishia jikoni kwa mtu kama kuni, ambako moshi na majivu yake ni sumu. Muuzaji asipokuwa na uhakika, usinunue.

Jambo la pili ni maji. Ubao unaofika sokoni mara nyingi bado ni mbichi. Ukiunganishwa ukiwa mbichi, vipande vitasinyaa baadaye, kila kimoja kwa upande wake, na mnyama aliyekuwa imara siku ya gundi ataanza kuyumba baada ya mwezi. Rangi ya mafuta juu ya mbao mbichi hutoa malengelenge, kwa kuwa unyevu unatafuta pa kutokea. Basi nunua mapema, kata ubao vipande vya mita moja, uvipange ndani ya chumba chenye hewa huku umetenganisha kila tabaka kwa vijiti vinene kama kidole. Pima kipande kimoja kwenye mizani ya dukani na uandike uzito juu yake kwa penseli. Rudia kila wiki. Uzito ukibaki uleule mara mbili mfululizo, ubao umekauka kadiri hewa ya pwani inavyoruhusu. Wakati wa masika usitegemee hilo litokee haraka. Kazi ya mbao ni ya miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, au Januari na Februari.

Tazama pia mafundo. Fundo la msonobari hutoa utomvu, na utomvu huo hupenya rangi nyeupe na kuacha doa la manjano hata baada ya mikono mitatu. Panga vielelezo ili mafundo yaangukie kwenye mabaki.

Wanafunzi wataleta mbao za kwao, na ni vizuri, lakini kuna za kukataa. Mnazi una ganda gumu nje na moyo laini ndani, na nyuzi zake hutoka kama miiba mirefu inayoingia chini ya ngozi. Mkorosho mbichi una utomvu unaochoma. Matawi ya mnyaa yasiingie darasani kwa hali yoyote, maana maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari. Mninga na mvule ni mbao nzuri, ila vumbi lake huwasha pua na ngozi za watu wengi, na kwa mnyama wa kupakwa rangi hakuna haja ya mbao ya bei hiyo.

Vipande na kanuni moja

Mnyama wa kawaida wa darasani ana kiwiliwili kimoja na miguu minne inayogandishwa ubavuni, miwili kila upande. Kwa urefu wa sentimita 22 na kimo kama hicho, kata kiwiliwili cha sentimita 22 kwa 12, na miguu minne ya sentimita 14 kwa 5. Sehemu ya juu ya mguu, kama sentimita 6, inalala juu ya ubavu. Inayobaki ndiyo inayosimama. Ukijumlisha unene wa mabao matatu unapata mnyama mwenye upana wa sentimita 6 hivi, na hapo hapinduki ovyo.

Kanuni ni hii: urefu wa kila kipande uende sambamba na urefu wa ubao. Kiwiliwili kimelala, mguu umelala, shingo imelala, vyote vikiwa bado ubaoni. Baadaye mguu utasimamishwa na nyuzi zake zitasimama nao. Mwanafunzi atajaribu kuchora mnyama mzima kama anavyomwona, miguu ikiwa imesimama kwenye upana wa ubao, kwa kuwa inaonekana inabana nafasi. Mzuie hapo hapo.

Kwa mpango huu mnyama mmoja anakula kama sentimita 45 za ubao. Ubao wa futi 12 unatoa wanyama wanane. Darasa la 40 wakifanya kazi wawili wawili ni wanyama 20, kwa hiyo mbao tatu zinatosha na inabaki nusu ya ubao kwa masikio, vichwa na vipande vitakavyoharibika. Vitaharibika.

Vielelezo vikatwe kwenye boksi gumu, kila timu kielelezo chake. Msumeno mzuri kwa mapinda ni ule wa upinde wenye ubapa mwembamba. Usipokuwa nao, msumeno wa kawaida unafanya kazi hiyo kwa njia nyingine: kata mistari mifupi iliyonyooka kila baada ya sentimita moja hadi karibu na mstari wa penseli, kisha ondoa vijipande hivyo kwa patasi na umalizie kwa tupa. Ubao ubanwe kwenye jiliwa au klampu, usishikwe na mwenzake. Msumeno ukiteleza huishia kwenye mkono wa anayesaidia kushika.

Kila mnyama na tabia yake

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Mwanafunzi akiachwa peke yake huchora ng'ombe, kisha humwongezea kitu: ng'ombe mwenye mkonga, ng'ombe mwenye shingo ndefu. Umbo lianze na picha halisi za mnyama, au kwa shule zinazoweza, safari ya Saadani, hifadhi iliyo kaskazini mwetu ambako wanyama wanafika hadi ufukweni.

Twiga. Wengi humpa shingo mara mbili ya miguu. Kwa twiga mkubwa, shingo na mguu vyote hukaribia mita 1.8, yaani vinalingana. Kwenye mbao, mguu wake ukatwe sentimita 20 ili 14 zionekane chini ya tumbo, shingo nayo iwe 14. Kiwiliwili chake ni kifupi na mgongo unashuka kutoka mabegani kwenda mkiani. Mgongo ukiwa bapa, huyo si twiga tena. Shingo ni kipande cha peke yake, nyuzi zikifuata urefu wake. Kata pembe ya juu ya mbele ya kiwiliwili kwa mshazari, shingo iketi hapo ikiwa tabaka moja na kiwiliwili, halafu ncha za juu za miguu ya mbele zifunike kiungo hicho pande zote mbili. Miguu inakuwa kibano cha shingo. Kiungo cha namna hii hakiachii kirahisi.

Tembo wa Afrika ana mgongo uliobonyea katikati. Wanafunzi humpa mgongo wa mviringo kama tembo wa Asia, ambaye ndiye wanayemwona kwenye katuni. Kichwa na mkonga viwe kipande kimoja kilichosimama, na ncha ya mkonga iguse chini au iegemee mguu wa mbele. Masikio makubwa yakatwe kwenye plaiwudi ya milimita 4, yaingie kwenye mfereji wa msumeno nyuma ya taya. Gundi kwenye ukingo mtupu haitoshi. Pembe ni vijiti vya mishikaki vilivyochongwa na kutiwa kwenye tundu.

Kiboko ndiye mwepesi kuunda na ndiye anayekosewa zaidi. Akiwa ametulia ndani ya mto Wami utaona macho, masikio na pua vikiwa juu ya maji kwa pamoja, kwa sababu vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja juu ya kichwa. Sasa mtazame kiboko wa darasani: macho yako katikati ya shavu, pua iko mbele ya uso, na kwa mpangilio huo ni nguruwe mnene. Mfano wake wa kadibodi uwe na mstari wa juu wa kichwa ulio karibu bapa, wenye vinundu vitatu: pua, jicho, sikio. Mdomo uwe mpana na mzito kuliko paji la uso. Miguu ya sentimita 14 ni mirefu mno kwake, ikate 9.

Kuro, yule swala mkubwa wa kandokando ya maji, anafaa kwa timu zenye subira. Duara jeupe matakoni mwake linamtambulisha mara moja hata kama umbo halikukaa sawa. Pembe ni za dume peke yake, na spoku ya baiskeli iliyokunjwa na kupigwa tupa ncha zake inatosha.

Kwa darasa linaloanza kabisa, fanyeni kasa. Hana miguu ya kusawazisha. Tabaka la chini ni kichwa na mapezi, la juu ni gamba. Kasa wa kijani, yule anayetaga kwenye fukwe za Saadani, ana magamba makubwa matano katikati na manne kila upande. Wanafunzi wahesabu kabla ya kupaka.

Gundi, vijiti na mguu mfupi

Piga tupa na msasa namba 80 kwenye kila kipande kabla ya kuunganisha, maana ndani ya miguu hapafikiki tena baadaye. Nyuso mbili zitakazokutana usiziviringe. Ziwe bapa, zikae bila mwanga kupita katikati.

Gundi nyeupe ya mbao, nusu lita kwa wanyama wote 20. Pakaa nyuso zote mbili kwa wembamba. Mwanafunzi hudhani gundi nyingi ndiyo nguvu, na matokeo yake ni kwamba kipande kinateleza kikibanwa, halafu gundi iliyofurika inakauka juu ya mbao na rangi ya maji haiingii pale. Ifute kwa kitambaa chenye maji ingali mbichi. Klampu 40 hakuna shule inayo. Tafuta tyubu za baiskeli zilizochakaa, zikate mikanda ya upana wa sentimita 2, uwazungushie wanyama kwa kuvuta. Zinabana kwa nguvu na hazichubui mbao.

Kila mguu upate vijiti viwili vya mishikaki, si kimoja, kwa sababu kimoja huacha mguu uzunguke. Kijiti cha kawaida kina unene wa milimita 3, hivyo toboa kwa keekee ya milimita 3 kupitia mguu hadi ndani ya kiwiliwili kama sentimita 1.5, tia gundi, gonga, kata ncha. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki. Misumari sishauri: hupasua ncha za mguu, na tupa ikigonga kichwa cha msumari inakufa meno.

Gundi inapokauka mnyama awe amesimama juu ya meza bapa yenye gazeti, miguu yote ikigusa. Subiri saa 24 kabla ya kumpiga tupa tena. Akiyumba hata hivyo, usiruhusu mtu akate mguu mmoja kwa kukisia. Hapo atakata huu, kisha ule, hadi tumbo liguse meza. Msimamishe kwenye meza, mwekee vipande vya karatasi chini ya mguu mfupi hadi atulie, laza penseli juu ya kibao chembamba na uizungushe kwenye miguu yote minne kwa kimo kilekile. Kata kwenye mstari huo. Kuyumba kidogo kunamalizwa kwa kusugua nyayo juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao.

Msasa wa mwisho ni namba 120, kisha 180, siku zote kwa kufuata nyuzi. Upigwe nje, upepo ukiwa mgongoni, na vitambaa puani.

Rangi

Ncha za mbao zilizokatwa hunywa rangi kuliko ubavu, ndiyo maana nyayo na pua za wanyama hubaki na mabaka yaliyofifia. Changanya gundi nyeupe sehemu moja na maji sehemu tatu, upake mnyama mzima, ncha mara mbili. Ikikauka utaona nyuzi zimesimama na uso umekwaruza; piga msasa 180 kidogo, ufute vumbi.

Mnyama mmoja ana eneo kama sehemu ya kumi ya mita ya mraba au zaidi kidogo. Lita moja ya rangi nyeupe ya maji inatosha kuwapaka wote 20 mikono miwili ya msingi na inabaki. Kwa rangi za juu nunua robo lita za njano, nyekundu, buluu na nyeusi, ukiwa na nyeupe. Kahawia ya twiga na kijivu cha tembo vichanganywe na wanafunzi wenyewe. Kijivu chenye chembe ya nyekundu humfanya tembo awe hai. Nyeusi na nyeupe peke yake hutoa saruji.

Nashauri rangi ya maji kwa mwili mzima, na rangi ya mafuta ya kung'aa kwa madoa na macho tu. Ya maji inakauka ndani ya saa moja au mbili na brashi zinaoshwa bombani. Ya mafuta inataka siku nzima na tapentaini. Ila zingatia mpangilio: mafuta juu ya maji iliyokauka yanashika, maji juu ya mafuta yanayong'aa hayashiki, na baada ya wiki chache rangi inabanduka kama ganda. Usipunguze rangi ya mafuta kwa thina ya magari pia, kwa kuwa inaamsha rangi ya chini na uso wote unakunjamana. Na soma kopo: njano, nyekundu na chungwa za mafuta ndizo zilizokuwa zikitiwa madini ya risasi zaidi. Chagua lililoandikwa kwamba halina.

Kwa madoa, mwalimu wetu sote ni Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi na akafariki mwaka 1972. Rangi hizo hazikubali kuchanganywa polepole kwenye picha ili kupata vivuli, na mtindo wake umejengwa juu ya hilo: eneo bapa la rangi moja, kisha alama safi juu yake. Kwa mnyama wa mbao ni hivyohivyo. Vivuli vipo tayari, kwa kuwa umbo lenyewe lina pande.

Nukta ndogo tumia njiti ya kibiriti, kubwa tumia kichwa cha msumari au kitako cha brashi. Chovya kwa kila nukta. Ukigonga tatu kwa mchovyo mmoja zitapungua ukubwa moja baada ya nyingine. Rangi iwe nzito kama uji wa mgonjwa: ikiwa nyepesi nukta inatambaa, ikiwa nzito zaidi inaacha mkia. Twiga wa kwetu ana mabaka yenye kingo za meno meno kama majani, na yanashuka hadi karibu na kwato, kwa hiyo asiachwe na miguu mitupu. Anza na mabaka makubwa ya kiwiliwili, yapunguze ukubwa kuelekea kichwani na miguuni.

Pakeni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Asubuhi mno umande haujaondoka, na jioni unyevu wa bahari unarudi: rangi ya kung'aa iliyopakwa saa kumi na moja huamka kesho yake imefifia na kuwa na ukungu. Wakaushe kivulini. Juani ngozi ya juu inakauka kabla ya ndani na malengelenge yanatokea hata kama mbao ilikuwa kavu. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta vitandazwe nje vikauke, visirundikwe kwenye kona ya stoo, kwa kuwa rundo la namna hiyo linaweza kupata joto lenyewe na kuwaka.

Sikio likikatika baadaye, usiligandishe juu ya rangi, maana gundi itashika rangi na si mbao. Kwangua nyuso zote mbili hadi mbao mtupu ionekane, gandisha, funga kwa mkanda wa tyubu hadi kesho, halafu rudia gundi ya maji, rangi ya mwili na madoa kwa mpangilio uleule.